Ukurasa Niliouruka

Jumatatu, 10 Novemba

Chai, mkate, gazeti. Mpango ni ule ule. Tangu mgomo wa wahadhiri ufunge chuo sina kazi nyingine ya maana hapa Waithaka. Guka, babu yangu, naye macho yameshikwa na mtoto wa jicho, hata vichwa vya habari havioni. Kwa hivyo mimi ndiye miwani yake. "Soma, bibi yangu," huniambia kila asubuhi. Naitwa Wangari, jina la marehemu Cucu, mke wake, kwa hivyo kwa Guka mimi ni bibi yake na hakuna mjadala.

Leo nimemdanganya tangu ukurasa wa kwanza. Mafuriko yamekuwa mvua ya kawaida. Fujo za bungeni zimekuwa kikao kirefu. Mgomo nimeumaliza mimi mwenyewe: wahadhiri wamekubali, wanafunzi wanarudi wiki ijayo. Guka alifurahi mpaka akaongeza sukari, ambayo pia amekatazwa.

Amri ni ya Mama. Mara mbili presha ya Guka imekataa kushuka, na mara mbili hospitali imekataa kumpasua jicho. Anapimwa tena Ijumaa ya wiki ijayo. Ikiwa chini, wanampasua siku hiyo hiyo. "Usimsomee vitu vya kumpandisha," Mama alisema. Kwa hivyo simsomei. Namtungia.

Na kwa vile hakuna atakayesoma haya, niseme tu: napenda. Miaka mitatu nachambua riwaya za watu. Sasa nina msikilizaji wangu mwenyewe, tena haniulizi dhamira.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda tao, katikati ya jiji. Gazeti la jana lilisema wachuuzi wataondolewa kando ya barabara, na kweli wauza vitabu kuukuu wamepungua. Waliobaki wametandaza nusu ya turubai, mguu mmoja mbele tayari kukimbia. Ile habari nilimsomea Guka hivi: wauza vitabu wanajengewa soko. Aki mimi.

Niliuliza tena nakala nzima ya kitabu changu. Muuzaji akasema bado anatafuta.

Nilikinunua hapo hapo nikiwa kidato cha pili. Riwaya ya zamani, jalada limeliwa na mende. Fundi wa cherehani, mwanamke, mume ameenda kutafuta kazi mbali na ameacha koti lake ukutani. Kurasa za mwisho ziling'oka kabla sijakifikia. Nimekisoma nisijue mara ngapi na kila mara nakimalizia mwenyewe: mume anarudi, mvua inanyesha, wanakunywa chai. Wenzangu darasani wanasema mwisho wangu ni wa kadi ya Krismasi. Wacha wacheke.

Nilikuwa nawaza nikirudi. Gazeti linakupa kifo kwanza, kwa herufi kubwa, halafu ndio unaambiwa marehemu alikuwa nani. Riwaya inakupa mtu kwanza. Labda ndio maana naweza kusoma ajali nzima nikitafuna mkate na ule mkate usinikwame. Hiyo inanitisha. Lakini leo asubuhi nilitafuna vizuri tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya.

Guka huanza na ukurasa wa vifo. "Tuanze na walioenda," husema. Wazee wote wa hapa ni hivyo. Huo ukurasa ndio pekee ambao sijawahi kuubadilisha, kwa sababu majina hayanihusu. Nasoma: fulani, mume wa fulani, baba ya fulani na fulani, mkwe wa, ndugu wa, rafiki wa. Guka anasema "simjui", tunaenda kwa mwingine.

Leo kulikuwa na picha ya mzee mwenye kofia. Mzee Kamande wa Uthiru. Watoto, wajukuu, wakwe, orodha ndefu. Na chini kabisa: rafiki wa Mzee Gathogo wa Waithaka, zamani wa Woodley.

Mzee Gathogo ni Guka. Jina la Guka wangu, gazetini.

Nikasikia mdomo wangu ukisema leo hakuna ukurasa wa vifo, wamejaza zabuni. "Afadhali," Guka akasema. "Watu wamepumzika kufa." Akacheka mpaka akakohoa.

Namjua Kamande kwa kusikia tu. Alikuwa karani na Guka ofisi moja, na huko Woodley walikoishi milango ilitazamana. Mama amekula kwa hao watu mpaka akawa mtoto wao. Halafu Cucu akafa, Kamande hakuja kuzika. Hakutuma mtu, hakutuma salamu. Kwetu mtu akikosa harusi yako unanuna, unasahau. Akikosa mazishi ya bibi yako, hiyo hapana. Nilikuwa shule ya msingi. Tangu hapo Guka hajalitaja jina lake, na likitajwa anainuka.

Anazikwa Alhamisi, nyumbani kwake Uthiru. Presha inapimwa Ijumaa. Mungu ana mzaha.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwonyesha Mama. Alikaa chini kwanza. Halafu akasema tunyamaze mpaka jicho lipasuliwe. "Aliyekufa haulizi nani alikuja."

Uongo mtupu. Kwa mazishi ya Cucu yeye ndiye aliyesimama langoni akiangalia nani amekuja na nani hajakuja.

Lakini namwelewa. Guka ametuambia kitu cha kwanza atakachoangalia jicho likifunguka ni mimi, ajue kama nafanana na jina langu. Anakisema kila siku. Nikimwambia kuhusu Kamande, presha itapanda na hataniona. Nisipomwambia, atakuwa amemfanyia Kamande kile kile alichofanyiwa, na hatajua.

Nimefungua riwaya nisome kidogo nijiliwaze. Haikusaidia.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimesoma gazeti. Nimetunga. Haikuwa na raha. Ukurasa wa vifo "haukuwepo" tena. Guka alizungusha kikombe tu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeenda kumchukua Guka kwa kinyozi. Nikamkuta amekaa kando, fimbo katikati ya magoti, amenuna. Kinyozi akanivuta nje anipe kichekesho. Ati mzee amebishana na kibanda kizima kwamba mgomo umeisha. Jamaa mmoja akamwambia binti yake wa chuo bado analala nyumbani mpaka saa nne. Guka akasema binti huyo ni mvivu. Kila mtu akacheka. "Bibi yangu alinisomea, tena yeye ni wa chuo kikuu," Guka akawaambia. Mmoja akasema, mzee anaota. Guka akagonga fimbo sakafuni mpaka wakanyamaza.

Kinyozi alikuwa anacheka akinisimulia. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Njiani Guka aliniambia kesho tulibebe lile gazeti tukawaonyeshe.

Nilikuwa najiona mtunzi. Kumbe nilikuwa namfanya babu yangu mjinga mbele ya watu.

Jumatano, 19 Novemba

Nimemwambia.

Nilianza na mgomo, mwoga mimi. Kisha mafuriko. Kisha soko la wauza vitabu. Halafu Kamande. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia nilete gazeti la Ijumaa, nisome tangazo. Nikasoma lote, mpaka wakwe. Nilipomaliza akasema rudia. Nikaanza juu. Hapana, akasema, ule mstari wangu. Nikaurudia. Akaniambia tena. Nikausoma mpaka sauti ikaniisha.

Halafu akasema, "Msichana, nilibishana na watu kwa sababu yako."

Msichana. Hajawahi kuniita hivyo.

Aliinuka kwa kupapasa, akaenda kutafuta suti yake mwenyewe. Alikataa nimsaidie. Nilimsikia akiangusha hanga moja baada ya nyingine, nikasimama tu koridoni.

Mama aliporudi alinifokea. Nilimjibu vibaya, nikaambiwa nina mdomo. Ninao. Ningeutumia Ijumaa iliyopita.

Alhamisi, 20 Novemba

Tulienda wote watatu. Mama aliomba ruhusa kazini bila kutuambia, tukamkuta amefunga kitambaa kichwani tayari. Uthiru kulikuwa na matope, tenti mbili, watu wengi. Tulisimama nyuma. Guka alikuwa amenyooka kama askari na koti lake kubwa.

Binti mkubwa wa Kamande alimtambua Mama. Akaja akiwa na kamasi na machozi, akamshika Guka mkono, akatupitisha katikati ya watu mpaka kiti cha mbele. Akachuchumaa pale. Nitaandika alivyosema.

"Baba, tusamehe. Mkeo, Mama Wangari, alipokufa, baba yetu alikuwa amelazwa, ni moyo. Tukamficha. Tukasema akipata nafuu tutamwambia. Kuja kujua, kaburi lilikuwa limeota nyasi. Akaona aibu kuja. Kila mwaka alikuwa anasema, mwaka ujao nitaenda Waithaka. Ni yeye aliagiza jina lako liandikwe."

Mama aliangalia viatu vyake. Mimi pia.

Guka alisema, "Kumbe." Basi. Kisha tena, "Kumbe."

Wakati wa kutupa udongo alitaka kwenda. Haoni kaburi liko wapi. Nilimshika kifundo cha mkono nikauelekeza, akaachilia udongo, ukaanguka pale ulipofaa.  

Ijumaa, 21 Novemba

Presha iko juu. Tumerudishwa nyumbani. Tuje Januari.

Daktari, kijana mdogo, aliuliza kama kuna kitu kimemsumbua mzee. "Nilimzika rafiki yangu jana," Guka akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza cheo. Daktari akasema pole.  Mama alitarajia jicho, amepata miadi nyingine. Nje ya lango alimnunulia Guka ndizi na kummenyea.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulitaka kuficha kilio chenyewe. Nyumba mbili, watoto wenye akili zao, kosa lile lile. Na kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri, hicho ndicho kinachoniudhi.

Bado naitwa msichana.

Jumamosi, 22 Novemba

Muuza vitabu amepiga simu. Amekipata, kizima, na kurasa za mwisho. Sasa yuko ndani ya kichochoro nyuma ya duka la viatu, ndiko alikokimbilia. Nilisoma nimesimama hapo hapo, watu wakinigonga mabega.

Mume harudi. Hakuna mvua, hakuna chai. Mwanamke anakubali kuambiwa ukweli na msafiri mmoja, anamshukuru, anafunga mlango. Halafu anashusha koti ukutani, analipunguza mikono kwa cherehani yake, analivaa. Kesho yake anafungua duka.

Nilikasirika njia yote mpaka nyumbani. Ni mwisho mzuri kuliko wangu, mbali sana. Na mimi miaka yote nimemnyima yule mama koti lake.

Jumatatu, 24 Novemba

Chai, mkate. Gazeti nililiweka mezani nikangoja. Sikujua kama atanitaka.

"Tuanze na walioenda," Guka akasema.

Nikasoma ukurasa mzima. Kila jina, mume wa, mke wa, baba ya, mpaka mjukuu wa mwisho. Simjui, akasema. Simjui. Mmoja alimfikiria sana, akauliza wa wapi, halafu akasema hapana, huyo siye.

Akauliza mafuriko. Nikamsomea yalivyo. Alitikisa kichwa, akasema masikini watu. Akauliza mgomo.

"Bado, Guka."

"Bado?"

"Bado kabisa."

Alimaliza chai polepole. Kisha akaomba fimbo. Anataka kwenda kwa kinyozi. Nywele hazijaota hata kidogo, lakini anataka kuwaambia mwenyewe kwamba wao ndio walikuwa sawa. Nilimwambia niende niwaambie mimi, ni kosa langu. Akakataa. Alisema ni yeye aliyegonga fimbo.

Mlangoni akasimama, akanyoosha mkono upande nilikokuwa.

"Beba gazeti, bibi yangu."

Nikalikunja, nikamshika mkono, tukatoka.