Mfalme Hayumo Kaburini

Bawshar, Maskati
Ijumaa, baada ya chai ya alasiri

Kwa mdogo wangu Nasriya, mwenye ulimi mkali na moyo laini,

Asalaam alaykum. Nnaomba barua hii ikukute u mzima, goti limeacha kulalamika, na wajukuu wanakuachia usingizi wako wa mchana. Ukitaka kujua hali yangu, mie nduguyo nnakula, nnalala, na meno yaliyobaki bado yanasikilizana. Binti yangu Rawan anakusalimu sana. Barua nimempa jirani yetu Hasina anayekuja huko Wete, maana nikikutumia sauti kwenye simu inasikilizwa na nyumba nzima mpaka kuku.

Kwanza jua kwamba kakako sasa ni nahodha. Nimeendesha meli katika mto Nili, kutoka Luksor mpaka Aswan, siku nne, ghorofa nne, Wazungu tele ndani yake, na nahodha mwenyewe kalala.

Haya, basi. Sikuendesha. Nilipanda kwenye chumba cha usukani, nikamwamkia nahodha, akanipa chai, nikaugusa usukani kwa kidole kimoja. Akanitazama kwa jicho moja, nikakiondoa kidole changu.

Najua unachokingoja. Umeniandikia kuwa unakuja mwezi wa Rajabu, baada ya miaka arubaini na ushei ya kuahidi, na kwamba hutaki soko wala bahari, unataka nikupeleke kwenye kaburi la Mama. Ukaniuliza likoje. Ntakujibu. Lakini niache nipite Misri kwanza, maana swali lako nilikutana nalo huko.

Rawan ndiye aliyenipeleka. Kachoka na ofisi yake ya Al Khuwair, akasema twende, baba, kabla miguu yako haijagoma. Nikamwambia imeshagoma, ila haijapewa kikao.

Meli ile, Nasriya, haiendi. Unakaa juu kwenye kiti, injini huisikii, mto umetulia kama samli iliyoanza kuganda. Kinachokwenda ni ufukwe. Mitende inapita taratibu. Ng'ombe kasimama majini, anapita. Punda anapita na mtu juu yake kasinzia. Kisha linapita jangwa, jekundu, halina haraka wala habari na mtu. Nnasinzia na miye, nikifumbua macho sijui lipi nimeota na lipi limepita kweli. Mara mbili nilimwona Mama kachutama ukingoni, anaosha mchele, kanga kaifunga kifuani kama kawaida yake. Nikanyanyuka nimwite. Ni mwanamke mwengine, anafua, na meli imeshampita.

Mahali paitwapo Esna meli iliingia katika kisanduku cha mawe, milango ikafungwa, maji yakaipandisha kama birika linavyojaa. Hapo wachuuzi walituzunguka na vijimashua vyao, wanarusha nguo mpaka juu kwetu. Mmoja kanirushia kanzu nyeusi ya nyota za dhahabu. Nikamrushia. Akanirudishia, akaniita mpenzi wake. Tukarushiana mpaka Rawan akaona haya akainunua. Ndiyo ntakayovaa uwanja wa ndege kukupokea, na usijifanye hunijui. Mbele ya hapo tukaonyeshwa mamba wa kale waliokaushwa, wamevikwa sanda wakapendeza kuliko maiti wengi niliowaona.

Lakini nimerukia mbele. Asubuhi ya kwanza, meli bado imefungwa gatini, tulipelekwa kwenye makaburi ya wafalme. Mwenye kutuongoza anaitwa Loai, mtu mzima mwenye upara, alikuwa mwalimu wa tarehe, yaani historia. Unateremka ndani ya mlima kama unayemezwa. Kuta zote zimechorwa, mabata, mikate, wapiga makasia, rangi kama za jana. Darini buluu yenye nyota, na mwanamke kajinyoosha kutoka ukuta mpaka ukuta. Loai kasema kila magharibi yule hulimeza jua, na asubuhi hulizaa. Nikamwambia Rawan, huyo shangazi yako siku ya futari. Jina la mfalme limeandikwa kila mahali, ndani ya duara kama yai, hata kwenye nguzo ambazo hapana atakayezisoma.

Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Loai kasema hayumo. Wezi walichimba, makuhani wakamhamisha, wataalamu wakamhamisha tena, sasa yuko Kairo ndani ya kioo. Nilicheka mpaka mlima ukanijibu. Maneno yote yale, na mwenye kaburi hayumo!

Hapo nikajitapa. Nikamwambia Loai sisi huku kwetu Omani hatuandiki jina hata moja. Tunasimamisha mawe, mawili mwanamume, la kichwani na la miguuni, na mwanamke huongezwa la tatu katikati. Basi, na kila mtu anamjua wake. Akaliona jambo zuri. Akauliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia miaka kumi na moja sasa kalala Bawshar, na kila Ijumaa nnakwenda kukaa naye. Loai akasema basi naye anayo mawe yake matatu.

Nikaanza kuyahesabu kichwani, Nasriya.

Siku zile nne ufukwe ulipokuwa ukipita, mie nilikuwa nnahesabu. La kichwani, ninapoegemeza bakora. La miguuni, ambapo mjusi hupenda kuota jua. Halafu nnatafuta la katikati, na linapita punda, inapita mitende, na la katikati halipo. Tulipotua Maskati sikupita hata nyumbani. Nilikwenda. Mawili. Miaka kumi na moja nimemsomea Yasini mwanamume wa watu, nikamsimulia mpaka habari za bawasiri yangu.

Sasa nisikilize, na kama umesimama kaa. Siku aliyokufa Mama, alfajiri, mie nilikuwa kijiji cha Yiti na wenzangu tunacheza karata. Simu nimeiacha garini. Binamu yetu Hamood kanipigia mpaka akakata tamaa. Maiti hasubirishwi, unajua. Nilipofika alasiri watu washazika, washarudi. Nikaenda makaburini peke yangu nikakuta makaburi mapya mawili, udongo wote mbichi. Niliona haya kurudi kuuliza watu lipi la mama yangu. Nikachagua. Mawe sikuyahesabu, machozi hayajui hesabu.

Kisha nikakupigia. Nikakwambia nilishuka mwenyewe kaburini, nikamlaza kwa mikono yangu, nikamfungua sanda usoni. Ukasema alhamdulillahi, angalau mkono mmoja katika yetu umemgusa. Uongo ule, mdogo wangu. Mikono yangu ilikuwa imeshika karata.

Juzi nikamwendea Hamood nikamwambia yote. Hakunikaripia. Kachukua bakora, tukaenda. Akaniuliza huwa nnakaa vipi. Nikakaa, nikamwonyesha. Akanyoosha bakora nyuma yangu. Mawe matatu, hatua moja tu. Miaka kumi na moja nimempa Mama mgongo. Hamood kasema nisihuzunike sana, sauti yangu si ya kunong'ona, kila kitu Mama kasikia, na kwamba tangu utoto alikuwa akinisemesha nami nimempa mgongo, alishazoea.

Nilisimama nikasoma Fatiha. Kukaa upande wake sikuweza. Bado sijaweza.

Ukighadhibika, ghadhibika, ni haki yako. Nitukane kwa barua, kurasa utakazo. Ila tikiti usiirudishe.

Nisalimie shemeji, nisalimie majirani, hata yule wa nyuma asiyenipenda. Rawan kakutandikia chumba kinachotazama mlima.

Na jambo moja dogo. Unaikumbuka santuri ya Baba uliyoivunja, ukaificha chini ya mkeka, nami nikasema ni mie, nikala fimbo zako zote? Miaka sitini hujanilipa hisani ile. Sasa nnaidai. Siku tutakayokwenda, tangulia wewe. Kaa kwanza, mtolee Mama salamu, mwambie Thabit yuko hapa, anaona haya. Umwambie wewe, Nasriya. Wewe alikuwa akikusikiliza.

Kakako,
Thabit