Hesabu Iliyoishia Nane

Deyanira,

Arepa zako za mahindi nimezifunika kwa sahani, ule zingali moto. Nuris wa jirani yuko kibarazani, mimi nimekwenda kumwita daktari. Jiko usiliguse. Umeze dawa yako ya kifafa ~~ukipenda~~ upende usipende! Daktari alishakwambia usiiache kwa sababu ya mimba.

Ulipoanguka asubuhi nilitakiwa nitazame saa, nijue kifafa kimechukua muda gani. Mimi, bondia mzee, nikapiga magoti kando yako nikakuhesabia kama refa! Kwenye nane ukafumbua macho.

Zamani nikipigana, bibi yako Eneida alikuwa haingii ukumbini. Atasimama mlangoni, Cartagena nzima inapiga kelele, yeye anamsikiliza refa kama baada ya nane tisa itafuata, maana kumi ndiyo kushindwa. Nami nikiangushwa nalala chini makusudi hadi nane, nipumzike kidogo! Leo ndiyo nimejua alichokuwa akikisikia.

Meza dawa, mama. Moyo huu hauwezi kuingoja tisa tena.

Babu yako, bingwa wa dunia (majaji waliniibia)