Dole gumba la wifi

Somo, ipua hicho chungu usome hapa.

Si unamjua Shadya, muuza kanga wa Msimbazi, yule kichwa kinamuuma upande mmoja nyuma ya jicho, kila siku saa nane? Daktari alishamwambia wenye ugonjwa huo hata kubonyezwa kidogo kunawauma, hata upande ulio mzima.

Leo kimemshika dukani. Wifi yake Zuhura akamkamata mbele ya wateja, akamkandamiza paji kwa dole gumba. Shadya akapiga yowe.

"Kidole tu hicho. Unadeka."

Kidole tu, somo. Akabonyeza tena.

Kichwa kilipotulia, Shadya akachagua kanga nyekundu, akampa kwa adabu zote. "Asante kwa kunikanda, wifi yangu."

Zuhura hasomi bila miwani, na miwani havai mbele za watu. Akajifunga palepale.

Sasa hivi anakata mitaa ya Kariakoo, makalioni pameandikwa: KICHWA SI CHAKO, MKONO WA NINI.

Na mimi, Mungu anisamehe, nimemwambia, "Umependeza mwanangu, hebu geuka watu wakuone vizuri."

Kageuka.