Printa ya Kiwandani Thika

Dada Nekesa mpendwa,

Natumai hujambo. Thika kuna baridi, lakini mimi nina joto la aibu. Jana binamu Wafula aliniingiza ofisini kwao kiwandani nijaribu ile programu ya kukagua mitandao, ninayowatayarishia watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Linux. Unajua nyumbani tuna kompyuta moja tu. Sikuwa nimewahi kuiona ikikagua mtandao halisi, wenye mashine nyingi zilizounganishwa.

Kazi yake ni kubisha hodi kwa kila mashine na kungoja jibu; ilipofika kwenye printa, printa ikaanza kutapika herufi zisizosomeka juu ya karatasi za mishahara.

“Haiya! Nani anaandikia shetani barua?” akauliza karani, Mama Njoki.

“Ni mimi, Mama,” Wafula akasema ili kunikinga, na yeye ni kibarua tu.

Nilinyamaza mpaka karatasi zikaisha, ndipo nikasema ni mimi. Wafula hakufukuzwa, lakini mpaka sasa nashindwa kumtazama usoni.

Dada, ile disketi ya programu niliyokuachia uwatumie watumiaji hao, tafadhali usiipeleke posta. Juu yake niliandika “imejaribiwa.” Lifute hilo neno, uniwekee disketi kabatini mpaka nirudi.

Nawapenda nyote. Mbusu mtoto.

Ndugu yako,
Barasa