Ovaroli Iliyolowa

Jumapili. Joto la Septemba halijapungua hata kidogo, na leo limekuja na unyevu ule unaokufanya utoke kuoga ukiwa umeshalowa jasho. Ni siku yangu ya mapumziko na sijapumzika.

Kila Jumapili saa kumi jioni, saa tisa kule kwetu, humpigia Shosho kwa video. Shosho ni nyanya yangu mzaa baba, aliyenilea Nyeri tangu nikiwa na miaka minne. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa, lakini anakaribia tisini kama hajapita. Simu nilimnunulia mimi. Anachojua ni kubonyeza kile cha kijani tu, kisha anaiegemeza kwenye mkebe wa maziwa uani, kwa sababu ndani ya nyumba mtandao haushiki.

Ndiyo maana huwa naona kamba ya nguo nyuma yake.

Leo kambani kulikuwa na ovaroli ya kijani ya Kimani, inachuruzika maji. Kimani ni binamu yangu. Nilipokuja Dubai tulikubaliana ahamie kwa Shosho, maana mwezi mmoja kabla ya safari yangu Shosho alianguka akifungua zizi, akalala pale chini kutoka asubuhi mpaka jioni ndipo akapatikana. Niliapa hatakaa peke yake tena.

"Kimani yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ametoka sasa hivi tu, ameenda dukani. Si unaona nguo zake hapo? Huyu anachafua nguo kama mtoto mdogo!"

Jumapili iliyopita pia alikuwa ametoka sasa hivi tu. Ile nyingine vilevile. Na ovaroli ni ileile, mahali palepale, imelowa.

Kisha nikaona gambuti za Kimani, viatu vyake vya mpira, mlangoni, zina tope bichi. Dakika mbili kabla, Shosho alikuwa akinilalamikia kwamba mvua imekataa kabisa na ng'ombe anakula majani makavu.

Mchezo huu naujua. Nimesimuliwa mara mia.

Wakati wa vita vya Mau Mau, babu yangu, ambaye sikumkuta, aliingia msituni. Askari wa kijiji, aliyewekwa na Mzungu kuhesabu wanaume, alikuwa akipita nje ya ua kila siku ya pili. Nyumba iliyokosa mwanamume bila maelezo ilichomwa. Basi Shosho, bibi harusi wa juzi tu, akawa analowesha shati la babu na kulianika. Shati kavu halimwambii mtu kitu, husema, lakini linalochuruzika lina mwenyewe. Mlangoni akaegemeza jembe la babu likiwa na udongo mbichi. Askari alichungulia, akaona shati, akaona jembe, akaenda zake. Huko msituni nako babu na wenzake walichonga bunduki za mti wakazipaka masizi. Bunduki ya mti haiui mtu, lakini aliyeiona kwa mbali hakusubiri kuhakikisha.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Shosho ina zaidi ya miaka sabini na bado anaipita kwa miguu yake.

Kila akisimulia habari hiyo hucheka mpaka anashika mbavu. "Mjinga yule," husema. "Alikuwa anaangalia shati tu!"

Sasa nikamfikiria yeye, na nyonga yake mbovu, akichota maji ya kulowesha ovaroli safi. Akimwaga maji mengine chini, akikoroga tope, akipaka viatu vya mtu ambaye hayupo. Yote hayo kabla ya saa tisa, ili mimi nisihangaike. Nilitaka kulia palepale.

Badala yake nikasema, "Naona Kimani anafua sana siku hizi, Shosho. Mwambie akuchotee na wewe maji."

"Ananichotea, mjukuu wangu. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako."

Alifurahi sana. Ile furaha naijua ni ya wapi.

Nilipokata simu nilimpigia Kimani. Matusi nilikuwa nayo tayari, yamepangwa. Akapokea kwenye kelele za mjengo, Nairobi, ambako anafanya kibarua cha ujenzi wiki ya sita sasa.

"Bro, usinilaumu. Shosho ndiye alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaacha job urudi, na dawa zake zinatoka kwa hiyo job. Na wife yuko karibu kujifungua. Ungekuwa mimi ungedo nini?"

Matusi yote yakaniishia. Nikamwambia asalimie mke wake.

Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde. Nikampigia naye, akasema atapitia akipata nafasi.

Akipata nafasi.

Nikaenda kwa sapavaiza, msimamizi wa sisi walinzi. Sikwenda mbali, kwa sababu mimi humpigia Shosho kutoka lobi ya jengo ninalolinda hapa Mankhool. Chumbani kwetu Satwa tuko wanane, na sitaki aone vitanda. Anaamini kiti cha ngozi ninachokalia hapa lobi ni cha kwangu. Ukoo mzima ni wa kuanika nguo. Hata kazi yangu ni hiyohiyo: silaha sina, redio ninayoivaa kiunoni ni mbovu tangu Ramadhani, kamera ya mlango wa nyuma haijaunganishwa na kitu. Nasimama ili nionekane nimesimama.

"Sir, nyanya yangu yuko peke yake. Nahitaji likizo."

"Miezi saba bado, my friend. Baada ya miezi saba, inshallah. Sasa hakuna mtu wa kushika zamu yako. Khalas, imekwisha."

Ningependa kuandika kwamba ni mtu mbaya. Alinionyesha picha ya mama yake kwenye simu. Alizikwa yeye akiwa hapa, na mazishi aliyaona kwenye simu hiyohiyo.

Kuondoka naweza. Nikiondoka kabla ya mkataba kuisha sirudi tena, na dawa za presha hazinunuliwi kwa kumkalia mtu karibu. Nikibaki, ataanguka siku moja na ovaroli itakauka kambani. Nimeizungusha hesabu hiyo tangu jioni na kila mara inaishia palepale. Sina mbele wala nyuma.

Miaka yote nimecheka na Shosho, nikimwona yule askari mjinga. Leo mimi ndiye askari niliye nje ya ua, naitazama nguo inayochuruzika, na ninajua kwamba mwenyewe hayupo.

Je, yule naye alidanganyika kweli? Au aliona yote, akajua hana la kufanya, akaenda zake?

Jumapili ijayo saa kumi nitapiga simu. Nitamuuliza Shosho Kimani yuko wapi.