Shingo ya Mama Asina

Mjukuu wangu Salima,

Pole na masomo ya kupanga magonjwa kwa kode huko Kinshasa. Papa yako amerudi salama toka Isangi, na mgongo wa mama yako umepata nafuu.

Unauliza kwa nini mwalimu anakataa uweke kode ya malaria kila fishi, karatasi ya mgonjwa, inaposema "homa". Nilipokuwa muuguzi kijana, tulimpokea Mama Asina, muuza samaki, akitetemeka, moyo ukimwenda mbio. Fishi aliyokuja nayo toka kituo cha afya ilisema malaria, lakini dawa ya malaria haikuishusha homa. Daktari wetu akamshika mkono.

"Mama, uvimbe hii ya shingo iko tangu lini?"

"Zamani, docteur. Walinipa dawa, ikaisha, nikaacha."

"Kule kituoni uliwaambia?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Daktari akaandika yote: homoni ya tezi ya shingo imezidi mno, dawa iliachwa, hali ni ya hatari. Kwa maneno hayo, hospitali kubwa tuliyompeleka ilijua la kufanya mara alipofika, naye akapona.

Baadaye alituletea binti yake mwenye homa. Hata hajaketi, akatuambia, "Bon, andikeni kwanza shingo yake."

Tulicheka, kisha tukaandika.

Nakukumbatia,
Koko yako