Siku Nane Bila Maumivu

Kamembe, tarehe 21 Septemba

Kaka yangu mpenzi Védaste,

Nakusalimu wewe pamoja na wifi yangu Gasaro na watoto wote. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima huko Lubumbashi, na kwamba kikohozi cha Ganza kimekwisha. Sisi huku tupo. Mvua imeanza mapema mwaka huu, mteremko wa nyuma ya nyumba ni utelezi mtupu, na maharage tuliyopanda pale juu yamechukuliwa na maji. Papa ameamka leo akiwa mtulivu. Amekunywa uji nusu kikombe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Tangu mwezi uliopita umenipigia mara nyingi, nami nimekuwa nikikata upesi, au nikimpa simu Mwavita, yule rafiki yangu ninayeshona naye, akuambie kwamba nina kazi. Usidhani nimekukasirikia. Kuongea kwa muda mrefu kunaniumiza, hilo unalijua. Lakini kuna jambo jingine ambalo nisingeweza kulisema hata kama mdomo wangu ungekuwa mzima. Ndiyo maana nimeliandika, na Hamdani, mume wa Mwavita, anayekuja huko kwa shughuli zake, atakukabidhi mkononi.

Kwanza nikueleze kuhusu huu ugonjwa wangu, maana kwenye simu nimekuwa nikisema tu kwamba naumwa meno. Si meno. Ni kile kiungo cha taya, pale mbele ya sikio la kulia. Ulianza miaka mitatu iliyopita, mwaka mmoja baada ya akili ya Papa kuanza kupotea. Asubuhi moja nilifungua mdomo nimsalimie Papa, kitu kikalia ndani ya sikio kama kijiti kinachovunjwa, na taya likakwama. Nilisimama pale mlangoni mdomo wazi, mate yakinichuruzika, naye Papa akacheka akidhani namtania. Tangu siku hiyo sijaamka bila maumivu. Yanaanzia sikioni, yanapanda kichwani, yanashuka hadi begani. Nikipiga miayo nashika kidevu kwa mikono miwili nisije nikakwama tena.

Nakula kama mtoto asiye na meno. Uji, isombe ya majani ya muhogo, viazi vilivyopondwa. Hata sambaza, samaki wadogo vile, nawasaga kwanza. Kanisani nachezesha midomo tu, wenzangu wakiimba. Kuna wateja waliomwambia Mwavita kwamba nimekuwa na kiburi, sicheki na mtu. Yeye huwajibu kwamba ndivyo nilivyozaliwa, kisha ananigeukia na kuniomba msamaha kwa macho.

Nimehangaika, Kaka. Dantisti mmoja aliniambia ni jino la mwisho, akaling'oa. Maumivu yakabaki. Wa pili akang'oa lililofuata. Meno yote mawili yalikuwa mazima, niliyaona kwenye kibakuli, meupe. Kule Nyakarenzo kuna mama mmoja aliyenichua kwa majani ya moto hadi ngozi ya shavu ikabambuka. Pasta wetu aliniwekea mikono Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya tatu aliniuliza mbele ya watu kama nimepona, na kwa kuwa nilimwonea huruma, nilitikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi.

Mwishowe nikapelekwa kwa Niyonsenga, kijana anayetibu viungo na misuli pale hospitali. Huyo ndiye wa kwanza aliyenigusa pale panapouma hasa. Aliweka vidole viwili mbele ya masikio yangu, akaniomba nifungue na kufunga mdomo polepole, akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Halafu akaniuliza:

“Maman, usiku unatafuna nini?”

Nikamjibu kwamba sitafuni kitu. Akanieleza kwamba nasaga meno usingizini, kwa nguvu kuliko mtu anayekula mfupa, na kwamba mchana pia nayabana bila kujua. Alisema meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila wakati wa kula tu. Alinifundisha kuweka ulimi juu, nyuma ya meno, na kuliachia taya lining'inie. Alinifundisha kitambaa cha maji moto mara mbili kwa siku. Akanitengenezea mpango nikapata kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno wakati wa kulala, ile tuliyoagiza Kigali. Baada ya miezi minne nilikuwa nimeitafuna hadi ikatoboka. Nilipomwonyesha, aliigeuza mkononi kwa muda mrefu, akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nikasema ipo.

Wewe ulimwona Papa mara ya mwisho alipokuwa bado anajua majina yetu. Sasa anadhani tungali tunaishi Kadutu, ng'ambo ya mpaka, na kwamba nyumba hii ni ya watu waliomzuia asivuke kurudi Bukavu. Kila siku anauliza Patricie yuko wapi. Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba Maman alishafariki, akalia kama mtu aliyepata habari saa ile ile. Baada ya mara ya nne nikajifunza kusema yuko sokoni. Naye hunijibu, “Basi tumungoje.” Tunamngoja. Baada ya dakika kumi ananiuliza tena. Ninapomwogesha anapiga kelele kwamba namwibia nguo, na majirani wanasikia. Silalamiki. Nakueleza tu siku zetu zinavyokwenda.

Mwezi wa sita aliposhikwa na homa ya mapafu na kulazwa, binamu yetu Hategekimana alikuja kutoka Nyakabuye kumlinda wodini, kwa kuwa ile ni wodi ya wanaume. Mimi nilikuwa napeleka chakula mchana na kurudi kulala nyumbani. Papa alikaa hospitali siku kumi na moja. Asubuhi ya siku ya nne niliamka nikasikia ndege. Nikajiuliza kwa nini nawasikia ndege, kisha nikatambua kwamba sikio haliumi. Nikafungua mdomo. Ukafunguka. Nikaufunga, nikaufungua tena, nikaenda mbele ya kioo nikajitazama nikifungua na kufunga kama mpumbavu.

Siku nane, Védaste. Nilikula mahindi ya kuchoma. Nilikula brosheti ya mbuzi, mishikaki miwili mizima, na Mwavita alinitazama nikitafuna hadi machozi yakamtoka. Nilicheka na wateja. Jumapili niliimba, na dada mmoja wa kwaya akageuka kuona ni nani huyo.

Niyonsenga alifurahi sana. Akataka kujua ni kitu gani kilichobadilika. Nikamwambia ni mazoezi yake. Akaandika hivyo kwenye faili langu, na akaniomba ruhusa ya kuwasimulia wagonjwa wengine. Lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa, na kuelewa huko kulinitisha kuliko ugonjwa. Daktari aliponiambia kwamba Papa amepona na kesho anarudi nyumbani, nilitoka nje ya wodi nikalia. Hategekimana akadhani nalia kwa furaha, akanishika bega akamshukuru Mungu kwa sauti. Asubuhi iliyofuata baada ya Papa kurudi, taya lilikuwa limefungwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Ulichoambiwa kuhusu ile Jumamosi ya mwezi wa nane ni kwamba nilipitiwa na usingizi, Papa akatoka, akapotea. Polisi waliandika hivyo. Hategekimana anaamini hivyo. Nawe ulinitumia ujumbe wa sauti ukaniambia, “Dative, uchovu si dhambi. Hata mitume walilala bustanini.” Nimeusikiliza mara nyingi sana ujumbe huo.

Sikuwa nimelala, Kaka.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimejinyoosha chumbani na kitambaa cha moto shavuni. Papa nilimwacha kwenye kiti chake barazani. Geti letu lina komeo, na kwa kuwa alikuwa amejua kulifungua, kila siku nilizungushia waya juu yake. Siku hiyo waya haukuwepo. Nimejiuliza kama nilisahau. Sijui, na sitaki kukuandikia jambo ninalolijua nusu. Lakini hili nalijua lote: nilisikia komeo likivutwa. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, hatua zile fupi za kuburuta. Zikasimama kidogo nje ya geti. Ningemwita angerudi, maana kila nilipomwita alirudi. Sikumwita. Hatua zikaendelea, zikateremka, nami nikabaki nazisikiliza hadi zikaisha.

Hapo taya langu likalegea. Nililisikia likiachia lenyewe, kama mkono uliokuwa umekunjwa ngumi. Ndipo nikalala usingizi, na ulikuwa usingizi mzuri.

Niliamka saa kumi na mvua inanyesha. Nikakimbia kwa Mwavita bila viatu, nikapiga kelele kama mtu aliyeshtushwa, na kweli nilikuwa nimeshtuka. Tulimtafuta hadi jioni. Wanawake wanaovuka na mabeseni yao pale mpakani Rusizi ya Pili ndio waliomkuta, mtaroni chini ya barabara, karibu kabisa na daraja. Mmoja wao alikuwa amevua kitenge chake akamfunika. Aliniambia kwamba Papa hakulia. Alikuwa anawasihi tu wamsaidie asimame: “Nisaidieni nivuke, batoto bananingoja kule.” Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hatatembea tena. Daktari ameshasema. Analala kitandani mchana na usiku, mimi namgeuza kila baada ya saa chache asitoke vidonda. Hapigi kelele siku hizi. Ananiita Patricie, ananishika mkono na kunishukuru kwa kuwa nimerudi kutoka sokoni. Nikimlisha ananiomba nami nile. Siwezi, maana taya sasa halifunguki zaidi ya upana wa kidole, na Niyonsenga amenieleza kwa upole kwamba kiungo chenyewe kimeanza kulika. Anataka kunipeleka Kigali kwa daktari mkubwa. Nimemwambia nitafikiri. Sijamwambia kwamba dawa yangu naijua, na kwamba siwezi kuinywa.

Sikuandikii ili unisamehe. Ukinisamehe haraka nitajua hukusoma vizuri. Wala sikuambii kwamba nampenda Papa, ingawa nampenda, kwa sababu nilimpenda vilevile siku ile nilipokuwa nasikiliza viatu vyake.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi Alhamisi. Nilikuwa jikoni. Papa aliomba maji. Aliomba taratibu, kama mgeni anayeogopa kusumbua, nami nilimsikia vizuri. Kikombe kilikuwa mbele yangu. Nikakaa. Aliomba mara ya pili, akaomba mara ya tatu, kisha akanyamaza, na nilipokuwa nimekaa pale katika ule ukimya nikasikia taya linaanza kulegea.

Nilimpelekea maji. Alikunywa. Lakini sikumpelekea mara moja, na sijui Alhamisi ijayo nitakaa muda gani.

Njoo umchukue, Védaste, au njoo ukae hapa. Usimtume mtu. Ukiniambia kazi haikuruhusu, nitaelewa, lakini usiseme tena kwamba Papa yuko katika mikono mizuri.

Mwavita anakusalimu sana, hajui niliyokuandikia. Hategekimana anasalimu pia, ameahidi kutuletea mchele wa Bugarama. Nisalimie Gasaro, umbusu Ganza na wadogo zake. Papa ningemwomba akutumie salamu, ila leo anaamini wewe bado uko shuleni na utarudi jioni.

Ni mimi dada yako,

Dative